Ridhaa ya Nani? Uhamaji wa Vyuo na Wachezaji katika Kandanda ya Marekani

Utangulizi

Istilahi 'michezo ya ridhaa' imezoeleka mno katika Kiswahili cha magazetini na redioni hivi kwamba ni nadra mtu kusita na kuitafakari. Bondia wa ridhaa hupigania medali. Bondia wa kulipwa hupigania fedha. Hata hivyo, neno ridhaa lenyewe, ambalo lina asili ya Kiarabu, halisemi lolote kuhusu fedha. Maana yake ya msingi ni idhini, yaani hali ya mtu kuwa radhi. Maana hizi mbili, ile ya kutolipwa na ile ya kukubali, si lazima ziandamane, na ni vigumu kupata mahali zilipoachana waziwazi kuliko katika kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani. Kwa muda mrefu mchezo huo uliitwa wa ridhaa kwa kuwa vijana walioucheza hawakulipwa mshahara. Lakini ridhaa yao haikuulizwa mechi zao zilipouzwa, makocha wao walipoondoka, wala vyuo vyao vilipohamia jumuiya nyingine za michezo. Makala haya yanaeleza jinsi vyuo vilivyopata uhuru wa kuhama, jinsi wachezaji walivyochelewa kuupata, na yaliyotukia pande zote mbili zilipokuwa huru kwa wakati mmoja.

Kandanda ya Kimarekani si soka. Inakaribiana zaidi na raga: mpira una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Mwenye thamani kuu ni yule anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua iwapo ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao. Hapa ataitwa kiongozi wa mashambulizi. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers ikiishinda Princeton mabao 6 kwa 4, ingawa sheria za siku hiyo zilifanana na za soka kuliko za leo. Kufikia 1905 mchezo ulikuwa umeua vijana kiasi cha kumfanya Rais Theodore Roosevelt awaite Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata chama cha kusimamia michezo ya vyuo kikaundwa, nacho tangu 1910 kinajulikana kwa ufupisho wa NCAA.

Chini ya NCAA, vyuo hujipanga katika makundi yanayocheza yenyewe kwa yenyewe. Neno la Kiingereza la kundi kama hilo ni lilelile linalotumiwa kwa kongamano la wasomi, na mfasiri asiye mwangalifu angeweza kuandika kwamba Chuo Kikuu cha Texas kimehamia kongamano jingine, msomaji akadhani wahadhiri wake wamesafiri kwenda kuwasilisha makala. Neno jumuiya linafaa zaidi, kwa kuwa asili ya makundi haya ilikuwa ujirani. Big Ten, yaani Kumi Kubwa, iliyoanzishwa mwaka 1896, ilikuwa ya vyuo vya majimbo ya kati na ya Maziwa Makuu ya huko. Jumuiya ya Pwani ya Pasifiki, iliyozaliwa mwaka 1915, ilikuwa ya California, Oregon na Washington. Timu zilisafiri kwa garimoshi, zikacheza Jumamosi, na vijana wakawa darasani Jumatatu. Jirani alichukiwa uwanjani kwa sababu alikuwa jirani.

Soko la televisheni

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi ngapi zingeonyeshwa kwenye televisheni na chuo kipi kingeonekana mara ngapi. Hofu ilikuwa kwamba watu wakistarehe nyumbani viwanja vitabaki vitupu. Vyuo vya Oklahoma na Georgia viliupinga mpango huo mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 7 dhidi ya 2, kwamba ulikiuka sheria ya mwaka 1890 inayokataza njama za kuua ushindani wa kibiashara. Mmoja wa wawili waliopinga uamuzi huo alikuwa Jaji Byron White. Aliona kwamba wenzake walikosea kuichukulia michezo ya vyuo kana kwamba ni biashara tupu. Jaji huyu hakuwa mgeni wa mambo haya: katika miaka ya 1930 alikuwa nyota wa kandanda wa Chuo Kikuu cha Colorado. Chuo chake hicho kilitoka katika jumuiya ya Big 12 kikaingia Pac-12 mwaka 2011, kisha kikarejea Big 12 mwaka 2024.

Baada ya 1984 kila jumuiya ikawa na haki ya kuuza mechi zake, na thamani ya mwanachama ikaanza kupimwa kwa idadi ya watazamaji anaowaleta. Jumuiya ya Kusini-Magharibi, iliyotegemea karibu jimbo moja la Texas, ilivunjika mwaka 1996 baada ya wanachama wake wanne wenye nguvu kujiunga na majirani wa kaskazini na kuunda Big 12. Mwaka 2014 Big Ten ilivipokea vyuo vya Maryland na Rutgers. Havikuwa mabingwa wa lolote la kutisha katika kandanda, lakini kimoja kiko kando ya jiji kuu la Washington na kingine kando ya New York, ambako televisheni ni nyingi kuliko mahindi ya Iowa.

Wimbi kubwa lilianza Julai 2021, Texas na Oklahoma zilipotangaza kwamba zingeiacha Big 12 na kuingia Jumuiya ya Kusini-Mashariki, SEC. Big 12 ilidhaniwa imekwisha. Tarehe 30 Juni 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kuhama kutoka Pac-12 hadi Big Ten, na wiki chache baadaye Big Ten ikatia saini mikataba ya miaka 7 na vituo vya Fox, CBS na NBC ambayo thamani yake iliripotiwa kupita dola bilioni 7. Big 12, ambayo ilikuwa imejifunza kwa kunyang'anywa, ikaharakisha mkataba wake na ESPN na Fox mnamo Oktoba 2022. Viongozi wa Pac-12 waliendelea kungoja ofa nono. Walipopata ofa hatimaye, katika kiangazi cha 2023, ilikuwa ya kampuni ya Apple, mechi zionyeshwe hasa kwa intaneti na mapato yategemee idadi ya watakaojiandikisha kulipia. Tarehe 4 Agosti 2023, Oregon na Washington zikaenda Big Ten; siku hiyohiyo Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12. Wanachama watano waliondoka kati ya mapambazuko na machweo. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Kufikia msimu wa 2024, Kumi Kubwa ilikuwa na vyuo 18, na Big 12 ilikuwa na 16. Vyuo vya Stanford na California, ambavyo viko jirani na bahari ya Pasifiki, viliingia katika Jumuiya ya Pwani ya Atlantiki. Pamoja navyo kiliingia chuo cha SMU cha Dallas, ambacho kilikubali kukaa miaka 9 bila mgao wa fedha za televisheni, mradi tu kihesabiwe miongoni mwa wakubwa. Wanaosoma semantiki watatambua kwamba majina haya hayaelezi tena kitu. Yamebaki kuwa nembo tu. Yasemekana jina ni kama kivuli cha mwenyewe, lakini hapa mwenyewe amehama na kivuli kimebaki ukutani.

Waliobaki nyuma

Kati ya wanachama 12 wa Pac-12 wawili hawakualikwa kokote: Oregon State na Washington State. Cha pili kiko Pullman, mji mdogo ulio mashariki ya jimbo la Washington, katikati ya vilima vya mashamba ya ngano. Kosa lake halikuwa la uwanjani wala la kitaaluma. Kosa lake lilikuwa mahali kilipo.

Kwa Wakenya chuo hicho si jina tupu. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wake alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 jijini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata mwenzake, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Ile ya kwanza aliiweka Berkeley na ya pili Seattle, miji ya vyuo viwili vilivyokuwa katika jumuiya moja na chuo chake. Hayo yaliwezekana kwa sababu jumuiya za vyuo hazikuwa za kandanda peke yake. Fedha za kandanda ndizo zilizolipia riadha, kuogelea, voliboli na mieleka, pamoja na ufadhili wa masomo wa vijana kutoka ng'ambo.

Hapa ndipo uhamaji unapouma zaidi. Timu ya kandanda hucheza takriban mara moja kwa wiki, hukodi ndege yake yenyewe, na nusu ya mechi zake huwa nyumbani. Mchezaji wa voliboli au wa besiboli hucheza mara kadhaa kwa wiki. UCLA na Rutgers, zilizo sasa katika jumuiya moja, zimetenganishwa na takriban kilomita 4,000 na tofauti ya saa tatu. Mikataba ya televisheni ilipotiwa saini, mwanafunzi huyo wa voliboli hakuwa na thamani ya kibiashara iliyomfanya akumbukwe mezani, na ndiye anayeandika insha yake katika chumba cha kungojea ndege usiku wa manane.

Vyuo viwili vilivyoachwa vilikwenda mahakamani, na mnamo Desemba 2023 vikathibitishiwa mamlaka juu ya Pac-12 na mali yake. Katika misimu ya 2024 na 2025 jumuiya ya kandanda yenye zaidi ya karne moja ilikuwa na wanachama wawili tu, huku vyuo vingine, Boise State na San Diego State vikiwa miongoni mwao, vikikubali kujiunga mwaka 2026. Kwingineko hasara imekuwa ya aina nyingine. Oklahoma na Oklahoma State zilikutana kila mwaka tangu 1910, vita vikuu viwili vya dunia vikapita, na mechi haikukosekana. Ilikoma Novemba 2023. Oklahoma State ilishinda mechi hiyo ya mwisho, 27 kwa 24.

Mwanafunzi-mchezaji

Wakati vyuo vikihama hivyo, mchezaji alifungwa mahali pamoja. Kwa miongo mingi mchezaji wa kandanda aliyehamia chuo kingine cha daraja la juu alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Chuo chake cha awali kiliweza hata kumnyima ruhusa ya kuzungumza na chuo anachokitaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaaluma: kijana apewe muda wa kuzoea masomo mapya. Sababu hiyo ingekuwa na uzito zaidi lau kocha naye angetakiwa kukaa mwaka mmoja bila kazi kila alipopata mwajiri mpya. Wala si kuondoka tu kulikomfaidi kocha. Hata kufukuzwa kulimtajirisha. Texas A&M ilipomwachisha kazi Jimbo Fisher mnamo Novemba 2023, ilibakia kudaiwa zaidi ya dola milioni 75 kwa mujibu wa mkataba wake.

Nguzo ya mfumo huo ilikuwa neno. Katika miaka ya 1950 NCAA, chini ya katibu wake mkuu Walter Byers, ilieneza istilahi 'mwanafunzi-mchezaji' na kuvitaka vyuo viitumie kila mara. Haikuwa istilahi ya heshima tu. Mwaka 1955 mchezaji Ray Dennison alifariki baada ya kuumia kichwani akiichezea timu ya chuo huko Colorado, na mjane wake akadai fidia inayolipwa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimnyima. Marehemu, kwa mtazamo wa sheria, hakuwa mfanyakazi. Byers mwenyewe alikiri katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995, baada ya kustaafu, kwamba istilahi hiyo ilibuniwa kwa kuhofia madai ya namna hiyo. Ni nadra mwanaisimu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kiunganishi kidogo kinachobeba mzigo mkubwa: ondoa 'mwanafunzi', na chuo ni mwajiri; ondoa 'mchezaji', na hakuna cha kuuza.

Adhabu kwa aliyevunja masharti ya ridhaa ilikuwa kali. Reggie Bush wa USC alishinda tuzo ya Heisman, inayopewa mchezaji bora wa mwaka, mwaka 2005. Akairudisha mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na manufaa mengine. Alirudishiwa Aprili 2024, yaani wakati ambapo wachezaji wa chuo hichohicho walikuwa wakilipwa kwa matangazo ya biashara bila kificho.

Kilichotukia katikati ya tarehe hizo mbili ni msururu wa maamuzi ya mahakama na hatua za NCAA kuyafuata kwa shingo upande. Mnamo Oktoba 2018 ulifunguliwa kile ambacho Wamarekani hukiita mlango wa uhamisho, ambacho kwa hakika ni daftari la kompyuta: mchezaji akiomba jina lake liandikwe humo, chuo chochote kinaweza kuzungumza naye, na chuo chake hakiwezi kumzuia. Aprili 2021 wachezaji wa kandanda waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja, majaji 9 kwa 0, kwamba NCAA haikuwa juu ya sheria ya ushindani, na tarehe 1 Julai wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Desemba 2023 mahakama ya West Virginia ilisimamisha sharti la kukaa nje kwa anayehama mara ya pili, na Aprili 2024 NCAA ikaondoa kikomo kabisa, mradi mchezaji awe anafaulu masomo.

Kisa kimoja kinaonyesha jinsi mikondo hii ilivyokutana. Katika msimu wa 2021 kijana Caleb Williams alikuwa kiongozi wa mashambulizi wa Oklahoma, chuo ambacho tayari kilikuwa kimetangaza kuihama jumuiya yake. Novemba mwaka huo kocha wake, Lincoln Riley, aliondoka na kwenda USC. Februari 2022 Williams akamfuata. Miezi mitano baadaye USC nayo ikatangaza kuihama Pac-12. Williams alishinda Heisman mwaka huohuo wa 2022. Chuo, kocha na mchezaji walifanya jambo lilelile katika muda wa mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba miaka miwili kabla ya hapo ni mchezaji peke yake ambaye angeadhibiwa kwa kulifanya. Wala si yeye tu. Kati ya washindi 8 wa Heisman kuanzia 2017 hadi 2024, 6 walikuwa wameanzia vyuo vingine: Baker Mayfield, Kyler Murray, Joe Burrow, Williams, Jayden Daniels na Travis Hunter.

Lakini haifai kuusimulia mlango huu kana kwamba kila aupitaye huibukia kwenye neema. Wapo waandikishao majina yao na wasiitwe na yeyote, na ufadhili wa chuo walichokiacha ukawa umekwisha kupewa mtu mwingine. Wapo wanaofika chuo cha tatu na kukuta kwamba baadhi ya kozi walizofaulu hazitambuliwi huko, hivyo shahada ikasogea mbali. Isitoshe, mlango hufunguka pande zote mbili. Deion Sanders alipoteuliwa kocha wa Colorado Desemba 2022, aliwaambia wachezaji aliowakuta wajiandae kuhama kwa kuwa alikuwa akija na watu wake. Kufikia msimu wa 2023 zaidi ya 50 walikuwa wameondoka. Kwenye daftari, kila mmoja wao aliandikwa kuwa amehama kwa hiari.

Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha suluhu ya kesi iliyobadilisha zaidi sura ya mambo. NCAA na jumuiya kubwa zilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.8, katika muda wa miaka 10, kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Mkono mtupu haulambwi, na vyuo sasa vinashindana hadharani kwa fedha ambazo zamani zilipitia uchochoroni. Mikataba yenyewe, hata hivyo, imeandikwa kwa uangalifu. Chuo kinalipia matumizi ya jina na sura ya mwanafunzi, hakilipii kucheza. Suluhu hiyo haikusema kwamba mchezaji ni mfanyakazi, na kwa hivyo hakuna chama cha wafanyakazi kinachojadiliana kwa niaba yake kuhusu urefu wa safari, tiba ya majeraha au masharti ya kuhama.

Wachezaji wa kandanda walikaribia kulijibu swali hilo mara moja tu. Mnamo Machi 2014, kufuatia ombi lililoongozwa na Kain Colter, aliyekuwa kiongozi wa mashambulizi wa Northwestern, afisa wa kanda wa bodi ya shirikisho ya mahusiano ya kazi aliamua kwamba wachezaji wa chuo hicho waliopewa ufadhili walikuwa wafanyakazi na wangeweza kupiga kura kuamua kama wanataka chama. Tarehe 25 Aprili walipiga kura. Chuo kilikata rufaa, masanduku yakafungwa kungojea uamuzi wa makao makuu, na Agosti 2015 bodi ikakataa kulishughulikia suala hilo. Kura hizo hazikuhesabiwa.